Je, Wajua? Zege Hupiga Kelele Kabla ya Kuvunjika

Je, wajua kwamba kifaa kinachotumika kugundua daraja la zege lililochoka ni kile kile ambacho mkulima wa tumbaku wa Sikonge, mkoani Tabora, hukitegemea kila msimu wa masoko? Kimo ndani ya mizani ya kidijitali. Mtumba wa tumbaku ukiwekwa juu ya bamba, chini yake kuna kipande cha chuma, na chuma hicho kimegundishwa kijitepe kidogo chenye waya mwembamba sana unaokwenda na kurudi mara nyingi. Mzigo unakibonyeza chuma, chuma kinanyumbuka kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na waya nao unavutika. Waya ukivutika unakuwa mrefu na mwembamba zaidi, hivyo umeme unapita kwa taabu zaidi. Taabu hiyo ndogo ndiyo inayogeuzwa kuwa kilo kwenye kioo cha mizani.

Sasa kigundishe kijitepe hicho kwenye nondo kabla ya kumwaga zege, nyaya zake zitokeze nje, nawe utaweza kujua nondo iliyozikwa ndani ya boriti inabeba kiasi gani leo, na ilikuwa inabeba kiasi gani mwaka jana.

William Thomson, mwanasayansi aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alieleza mwaka 1856 kwamba waya ukivutwa ukinzani wake hubadilika. Miaka 82 ikapita kabla ya watu kuitumia elimu hiyo ipasavyo. Mwaka 1938 Wamarekani wawili, kila mmoja kwa upande wake, walitengeneza kihisi cha waya cha kugundisha: Edward Simmons huko California na Arthur Ruge huko Massachusetts. Ruge alikuwa akichunguza jinsi tetemeko la ardhi linavyotikisa matangi ya maji yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Kihisi kilizaliwa kwa ajili ya tangi, kisha kikaingia kwenye mizani, ndege, madaraja na majengo.

Je, wajua mzigo wa barabara yetu umekua mara ngapi?

Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita Unyanyembe, Tabora ya leo, kwenda Ujiji au kurudi pwani walibeba kichwani au begani takriban frasila mbili kila mtu, yaani kilo zisizofika 35. Leo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu lori kubwa kabisa lifike tani 56, gari na mzigo wake. Huo ni uzito wa mizigo ya wapagazi wapatao 1,700 ukipita kwenye daraja kwa sekunde chache, kisha unafuatwa na mwingine. Njia ya misafara ilikuwa inachoka kwa vumbi na tope tu. Barabara ya lami ya kutoka Tabora kupitia Sikonge, Ipole na Koga hadi Mpanda ina madaraja na makalavati ya zege, na zege huweka kumbukumbu ya mzigo mkubwa kuliko yote uliowahi kulipitia. Nitairudia kumbukumbu hiyo mbele kidogo, maana ni jambo la kweli kabisa.

Je, wajua zege linapasuka mapema kiasi gani?

Zege ni hodari wa kubanwa na dhaifu wa kuvutwa. Boriti ya urefu wa mita moja ikivutwa ikarefuka kwa sehemu ya kumi ya milimita, unene wa karatasi hii au pungufu kidogo, zege lake huanza kupasuka. Ndiyo maana tunaweka nondo: zege lipokee mbano, chuma kipokee mvuto. Mfaransa Joseph Monier, aliyekuwa mtunza bustani, alipata hati ya ubunifu huo mwaka 1867, na alichokuwa akitengeneza ni vyungu vikubwa vya kupandia miti. Ndoa ya vitu hivi viwili imedumu kwa sababu zege na chuma hutanuka kwa joto karibu kwa kiwango kimoja. Kama visingelingana, jua la Oktoba peke yake lingevitenganisha.

Kwa hiyo ufa mdogo kwenye boriti ya zege si ajabu. Umo ndani ya hesabu. Viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wamevitumia kwa miaka mingi, vinavumilia ufa wa hadi milimita 0.3 katika jengo la kawaida. Kinachomsumbua mhandisi ni ufa unaokua, na hapo ndipo kihisi kinapomzidi mtu. Tuseme waya wa kihisi una ukinzani wa omu 120. Zege likifika pale pa kupasuka, ukinzani huo unabadilika kwa omu 0.024 tu. Kulipima badiliko dogo hivyo hutumika mpangilio wa saketi unaoitwa kwa jina la Charles Wheatstone, aliyeueneza mwaka 1843, ingawa mwenzake Samuel Hunter Christie alikuwa ameueleza miaka kumi kabla.

Je, wajua kwamba mabwawa husikilizwa kwa nyuzi?

Kabla ya kihisi cha kugundisha, Mfaransa André Coyne, mjenzi wa mabwawa, alianza miaka ya 1930 kuzika ndani ya zege waya uliokazwa ncha mbili. Ukitaka habari unaupiga kwa sumaku kutoka nje, nao unatetemeka. Zege likivutika, waya unakazwa na sauti yake inapanda. Likibanwa, unalegea na sauti inashuka. Kifaa hiki kimezidi vingine kwa uvumilivu: hakijali urefu wa kebo wala unyevu mdogo kwenye viungio, kwa sababu kinachosafiri ni idadi ya mitetemo, si kiasi cha umeme. Ndiyo sababu hadi leo bwawa kubwa la zege hujengwa likiwa na waya wa namna hii ndani yake.

Coyne ndiye aliyesanifu pia bwawa la Kariba kwenye mto Zambezi, ukuta wa zege wenye kimo cha mita 128. Ndiye tena aliyesanifu bwawa la Malpasset kusini mwa Ufaransa, lililovunjika usiku wa tarehe 2 Desemba 1959 na kuua watu zaidi ya 400. Zege la Malpasset lilikuwa zima. Kilichoshindwa ni mwamba wa upande mmoja ambao ukuta uliuegemea. Tangu siku hiyo wahandisi wa mabwawa hawakutosheka tena kupima zege. Wanapima pia mwamba, na shinikizo la maji yanayopenya ndani ya mwamba.

Je, wajua kwamba zege linaweza kuvimba?

Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954. Baadaye jengo lake la mitambo likaanza kuonyesha nyufa. Chanzo hakikuwa mzigo. Madini fulani ndani ya kokoto yalikuwa yanapambana kikemia na alkali ya saruji, na ute unaozaliwa humo hunywa maji na kuvimba, mwaka baada ya mwaka. Zege linapovimba chini ya mtambo unaozunguka, shafti na beringi zake huacha kuwa kwenye mstari. Hapo vipimo vya kusogea na kuinama vina thamani kuliko macho, kwa sababu mwendo wenyewe ni wa milimita chache tu katika miaka mingi. Kokoto za kwetu, kila machimbo, zinafaa kupimwa maabara kwa tatizo hili kabla ya tangi au daraja kujengwa. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kubomoa.

Je, wajua kwamba mrututu unaweza kufichua kutu usiyoiona?

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu kifaa chake ni rahisi, na adui linayemsaka ndiye anayetuhusu zaidi sisi wa bara.

Zege bichi lina alkali kali, kiwango cha pH cha 12 na zaidi. Ndani ya alkali hiyo nondo hujivika utando mwembamba sana unaoizuia isishike kutu. Pwani, kwa mfano Dar es Salaam na Zanzibar, adui wa utando huo ni chumvi ya bahari. Sikonge iko mamia ya kilomita kutoka baharini. Adui wake ni hewa. Kaboni dayoksaidi hupenya taratibu kwenye vitundu vya zege na kuipunguza alkali hadi chini ya pH 9, na utando unavunjika. Hewa hiyo hupenya vizuri zaidi zege likiwa na unyevu wa kadiri, si likiwa limelowa chapachapa. Kwa hiyo kiangazi kirefu cha Tabora, kuanzia Mei hadi Oktoba, kinamfungulia adui njia, kisha masika yanaleta maji ambayo kutu inayahitaji. Kutu ikizaliwa, inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma ilichokila. Inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linabanduka.

Fundi anayeweka biskuti (vipande vya kuinulia nondo) za kutosha chini ya nondo, ili zege la kuzifunika liwe na unene wa milimita 25 au 40 kama mchoro unavyosema, amemchelewesha adui huyo kwa miaka mingi. Anayeacha nondo ikagusa mbao za chini amemfungulia mlango. Kadhalika anayezidisha maji kwenye mchanganyiko ili limwagike kwa urahisi, kwa sababu maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu.

Kipimo chenyewe ni hiki. Mhandisi anatoboa zege mahali pamoja mpaka aifikie nondo, anaibana kwa kebo, na kebo inakwenda kwenye mita ya volti. Upande wa pili wa mita kuna kichupa kilichojaa maji ya buluu ya mrututu, huu huu ambao wakulima wa kahawa wanaujua kama dawa ya fangasi. Ndani ya kichupa kuna fimbo ya shaba, na mdomoni kuna sifongo. Analowesha uso wa zege, anaweka sifongo, anasoma, anasogea nusu mita, anasoma tena, mpaka anapata ramani ya boriti nzima. Mita ikisoma chini ya hasi 350 kwa milivolti, uwezekano wa kutu kuwa kazini mahali hapo ni zaidi ya asilimia 90. Ikisoma juu ya hasi 200, uwezekano wa kutokuwepo kutu ni kama huo huo. Katikati hapo, hukumu inangoja kipimo kingine. Mbinu hii ilianzia kwenye madaraja ya California miaka ya 1950, na yapo sasa matoleo madogo ya kuzika ndani ya zege moja kwa moja.

Kipimo kingine kinachoendana nacho ni rahisi zaidi: unavunja kipande kidogo cha zege na kunyunyizia fenolfthalini, ile ile ya maabara ya sekondari. Palipobaki na alkali panageuka waridi. Palipokufa hapabadiliki.

Je, wajua kumbukumbu ya zege ikoje?

Mwaka 1950 Mjerumani Josef Kaiser, katika tasnifu yake ya udaktari huko Munich, alisikiliza kwa vihisi sauti ndogo zinazotoka ndani ya vitu vinapobebeshwa mzigo. Aligundua jambo la ajabu. Ukikibebesha kitu mzigo, kinatoa sauti. Ukiupunguza na kuurudisha, kinakaa kimya hadi mzigo upite ule mkubwa kuliko yote kiliowahi kubeba. Hapo kinaanza tena kusema. Miaka michache baadaye sauti hizo zikasikilizwa kwenye zege, na zege nalo likaonekana lina kumbukumbu hiyo, ila hadi mpaka fulani: takriban robo tatu ya mzigo wa kulivunja. Likishavuka hapo, linapiga kelele hata kwa mzigo mdogo lililowahi kuubeba bila taabu.

Jaribu kufikiri maana yake kwa daraja. Unabandika vihisi vya fuwele, jamii ya ile Pierre na Jacques Curie waliyoieleza mwaka 1880, ambayo ikitikiswa hutoa umeme. Unapitisha lori la uzito unaojulikana. Daraja likinyamaza, ni zima. Likitoa sauti kwa mzigo linaoubeba kila siku, kuna ufa unaotembea ndani yake, hata kama rangi ya juu haijapasuka. Na kwa kuwa sauti inafika kwenye vihisi mbalimbali kwa nyakati tofauti, mhandisi anapiga hesabu na kujua ufa uko wapi.

Je, wajua kasi ya sauti ndani ya zege zuri?

Ni zaidi ya kilomita 4.5 kwa sekunde, mara 13 ya kasi yake hewani. Ikishuka chini ya kilomita 3, zege hilo linatiliwa shaka: lina matundu, au sauti imelazimika kuzunguka ufa. Kipimo hiki ni altrasaundi, ukoo mmoja na ile ya wajawazito.

Je, wajua kwamba kila daraja lina mtetemo wake?

Likitikiswa na gari au upepo, daraja hutetemeka kwa kasi ambayo ni yake peke yake. Ufa ukililegeza, kasi hiyo inashuka. Watafiti wa Ulaya walitaka kujua jambo hili linategemewa kiasi gani, wakapata daraja la zege nchini Uswisi, lililoitwa Z24, ambalo lilikuwa limepangiwa kubomolewa. Walilipima kwa karibu mwaka mzima, kuanzia mwishoni mwa 1997, kisha wakaliharibu makusudi, hatua kwa hatua, huku wakiendelea kupima. Walijifunza kitu ambacho hawakukitegemea sana: baridi kali ilipogandisha lami, mtetemo ulipanda kwa kiasi kikubwa. Hali ya hewa peke yake iliweza kuficha ufa, au kuzusha ufa usiokuwepo.

Hapa ndipo hoja yangu yote ilipo. Namba moja ya kihisi haina maana. Maana inatokana na namba za miaka, za kiangazi na masika, tangu zege likiwa zima. Sikonge ina bahati ya kuwa na zege jipya: madaraja ya barabara ya Mpanda, majengo ya afya na shule, na mradi wa maji wa miji 28, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022 na ambao Sikonge imo. Anayelipima zege hilo sasa, wakati halina shida, anamwachia mhandisi wa mwaka 2050 kitu ambacho fedha haiwezi kukinunua baadaye. Nchini Marekani, daraja la Minneapolis lilipoanguka Agosti 2007 na kuua watu 13, lile la zege lililochukua nafasi yake mwaka uliofuata lilijengwa likiwa na vihisi zaidi ya 300 tangu siku ya kwanza. Huo ndio utaratibu.

Na si lazima kila mara vifaa viwe vya gharama. Simu ya mkononi ina kihisi cha mtikisiko, ndicho kinachogeuza picha ukiilaza. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba simu zilizomo ndani ya magari yanayopita daraja la Golden Gate ziliweza kutambua mitetemo ya daraja hilo, mradi safari ziwe nyingi. Mabasi ya Tabora na Mpanda yanapita juu ya madaraja yale yale kila siku, yamejaa simu. Kwa chuo kinachotafuta mada ya utafiti, hii iko tayari mezani.

Je, wajua kwamba uzi wa intaneti unaweza kuhisi?

Nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwenye Mkongo wa Taifa zinaweza pia kulazwa ndani ya zege. Mwanga ukipita, sehemu ndogo hurudi nyuma kutoka kila mahali njiani, na mwanga huo unaorudi hubadilika pale uzi ulipovutika au kupata joto. Uzi mmoja unafanya kazi ya maelfu ya vihisi.

Je, wajua kwamba onyo lililo bora kabisa liliwahi kupuuzwa ndani ya saa 24?

Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa kubwa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh. Benki na maduka ya chini yalifungwa. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini kesho yake asubuhi, na jengo likawaangukia. Walikufa zaidi ya 1,100. Wiki chache kabla, tarehe 29 Machi, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilikuwa limeanguka na kuua watu 36, na Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka Kariakoo. Kihisi hutoa namba, lakini kufunga mlango ni kazi ya mtu. Mwenye mamlaka ya kusema "tokeni" anatakiwa ajulikane kwa jina kabla kihisi hakijafungwa.

Je, wajua kwamba tangi la zege linaweza kujiziba?

Ufa mwembamba sana, wa kama sehemu ya kumi ya milimita, maji yakipita humo taratibu huyeyusha chokaa ya saruji na kuiacha kwenye kingo za ufa hadi unazibika. Ndiyo sababu kwenye matangi mpaka wa ufa umewekwa milimita 0.2, mkali kuliko wa majengo: juu ya hapo zege haliwezi tena kujitibu, maji yanavuja, na nondo inalowa.

Kwa nyumba, darasa au tangi lisilo na kihisi hata kimoja, mafundi wa zamani wana chao. Chukua kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa saruji pande zote mbili za ufa, andika tarehe ukutani. Kioo hakinyumbuki, ufa ukisogea, kinavunjika. Weka pia alama ya penseli pale ufa unapoishia, na uangalie saa ile ile ya asubuhi kila mara, kwa sababu jua la mchana hulitanua zege. Ufa uliopita kiangazi na masika bila kuvunja kioo una uwezekano mkubwa wa kuwa umetulia. Ufa wa kukata mshazari karibu na mahali boriti inapokalia nguzo, au unaofuata mstari wa nondo na kutoa madoa ya hudhurungi, usiungojee kioo: ita mhandisi aliyesajiliwa siku hiyo hiyo.